Baba, Bado Naogopa Kuvuka

Baba,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini mkono umekataa kuanza kwa namna nyingine.

Mama anaendelea. Kahawa ya kule mlimani tumevuna bila wewe, na migomba ya karibu na mfereji imebeba vizuri. Ila siyo hayo yaliyonikalisha niandike. Naandika kwa sababu naogopa, na hapa nyumbani sina wa kumwambia. Mama ana yake ya kutosha.

Tangu ulipogongwa pale kwenye kivuko cha zebra Kimandolu, sijavuka barabara ile kwa amani. Waliokuwepo walituambia gari la kwanza lilisimama, ukaingia barabarani, na la nyuma yake likaovateki. Basi. Ikawa ndiyo mwisho wako. Sasa gari likinisimamia ndipo naogopa zaidi. Dereva ananiashiria, pita mama, pita, na miguu haitaki. Siku moja muuza parachichi alikuja akanishika mkono kunivusha. Mimi, mtu mzima, mwenye watoto.

Na Elibariki, kitinda mimba wako, ameingia kwenye bodaboda. Ulikuwa ukisema, "Nikiwa hai, mtoto wangu hapandi pikipiki." Haya, hupo tena. Alitafuta kazi nyingine akakosa. Mama alilia, kisha akambariki. Namba nisiyoijua ikinipigia mchana, nataja jina lake kabla sijapokea.

Wiki iliyopita alinipakia tukitoka sokoni Kwa Mrombo. Nilimshika kiunoni nikafumba macho karibu njia nzima. Tulipokaribia zebra ile akapunguza mwendo, nami nikafumbua. Bibi mmoja mwenye fimbo alikuwa ameshaanza kuvuka. Elibariki akasimama. Basi dogo lililokuwa nyuma yetu likapiga honi, halafu nikasikia injini inanguruma, linakuja upande wetu wa kulia. Ni jambo lilelile, Baba. Lilelile lililokuua.

"Dada, shuka!"

Sijui nilishukaje. Elibariki aliisukuma pikipiki akaikingamisha mbele ya lile basi, akasimama hapohapo, mikono juu, anapiga kelele kama mwehu: "Kuna mtu! Kuna mtu!" Matairi yalilia. Basi lilisimama karibu kabisa na goti lake. Bibi wa watu aliendelea kuvuka polepole, hana habari, mpaka alipofika ng'ambo ndipo akageuka kuangalia kelele ni za nini.

Dereva alimtukana. Elibariki alivuta pikipiki pembeni, akakaa kwenye ukingo wa mtaro, akatapika. Nilimshika mgongo, nikawa namgombeza huku nalia, nikamwambia, ungekufa wewe, Mama ningemwambia nini?

Akasema, "Sikumwona yule bibi, dada. Nilimwona Baba."

Tukakaa pale. Magari yanapita tu.

Tangu siku hiyo sijui nimwogope zaidi dereva asiyesimama au mdogo wangu anayesimama. Asubuhi anatoka anafunga kofia yake ngumu, ananiambia "tutaonana jioni," na mimi namwitikia kwa sauti ya kawaida. Baba, ile sauti ya kawaida inanichosha.

Jumamosi kuna mkutano wa mtaa. Mwenyekiti anataka tuombe matuta na taa pale, na njia ya waenda kwa miguu na baiskeli, maana wanafunzi wanatembea ukingoni mwa lami kabisa, lori likipita sketi zinapepea. Ameniomba nisimame niseme. Naogopa nitalia mbele za watu. Naogopa zaidi kwamba watanipigia makofi, watakunja viti, na barabara itabaki ilivyo.

Lakini nitakwenda. Hiyo nakuahidi, Baba. Nitataja jina lako lote, na nitasema ulikuwa juu ya mistari myeupe, hukukosea chochote. Wakikataa, nitarudi mkutano unaofuata na unaofuata huo. Elibariki amesema atakaa pembeni yangu. Na Mama nitamweleza mwenyewe habari ya Elibariki na lile basi kabla ya siku hiyo, asije akayasikia kwa majirani.

Pumzika, mzee wangu. Wanao huku bado tunavuka kila siku.

Mwanao,
Aneth