Baba, Kijino Ndicho Kilichokuwa Kibovu

Baba,

Shikamoo. Najua huwezi kuitikia, na hata ungekuwa hai sidhani kama ningestahili kuitikiwa. Nakuandikia kwa Kiswahili, lugha uliyonisihi miaka ishirini nikujibu kwayo, nami nikakujibu kwa Kiingereza kila mara, kwa makusudi, kwa sababu nilijua kinakuchosha. Nimeamua barua hii isomwe na yeyote anayetaka. Nilikusingizia mbele ya watu, na sioni haki ya kukusafisha kwa siri.

Wasomaji hawakujui. Ulikuwa fundi wa silaha jeshini kule Morogoro kwa miaka kumi na tisa. Bunduki iliyogoma ililetwa mezani kwako, na haikuondoka mpaka ikubali. Huku Toronto ulikuwa mtu wa kupanga mikate kwenye trei, katika kiwanda kimoja cha Vaughan. Ulipostaafu ulihamia kwangu Markham, pembezoni mwa jiji, kwenye nyumba ambayo bila gari hufiki hata dukani, ukaishi chumba cha chini ukiwatengenezea cherehani akina mama wa jumuiya yetu. Walikuletea nanasi na maandazi. Mimi nilikuletea malalamiko kuhusu harufu ya mafuta ya mashine.

Lakini hukuwa malaika, baba, na sitakupaka rangi. Nilipokuwa na miaka tisa niliunguza pasi. Ukaniweka mezani na bisibisi. "Huli mpaka uniambie kilichoharibika," ukasema. Nilikaa pale tangu mchana hadi giza likaingia, skrubu zikiniteleza vidoleni. Ulipita mara moja tu, ukanitazama nikilia. "Machozi hayatengenezi pasi." Leo mimi ni mhandisi wa kukagua ubora wa mitambo, na watu husema umenilea vizuri. Hawajui kwamba nilikuwa naisubiri siku ambayo ningekuweka wewe mezani.

Siku hiyo ilikuja kwa njia ya bunduki.

Ulikuwa mwanachama wa klabu ya shabaha kwa miaka mitatu kabla yangu. Uwanja wenyewe uko mwendo wa saa nzima kwa gari kaskazini mwa jiji, nyuma ya mashamba ya mahindi. Mzee mmoja wa kiwandani alikupeleka mara ya kwanza, ukapata leseni yako, na taratibu wale wazee wa Kizungu wakagundua una mikono gani. Walikuita Sajenti. Wakikwama walikuja na bunduki zao kwenye benchi lako, nawe ulizifungua, ukawaonyesha kwa kidole, kwa maneno matano au sita ya Kiingereza, wakakuelewa. Palikuwa mahali pekee katika nchi hii ambapo mtu alikuja kukuuliza kitu. Niliona ulivyorudi nyumbani siku hizo, mabega yamenyooka. Badala ya kufurahi niliona wivu, nami nikajiunga.

Nilinunua bunduki mpya, ile inayojipakia risasi yenyewe kila unapofyatua, ya risasi ndogo, aina ambayo sheria ya huku bado inairuhusu. Sikukuuliza. Nililinganisha kumi na moja kwenye mtandao, nikachagua, nikaja nayo mezani kama mtu aliyerudi na shahada.

Mara ya kwanza uwanjani ilikwama kwenye risasi ya nne. Ikakwama tena kwenye ya tisa. Kila mara ilikuwa vilevile: nafyatua, ganda tupu linabaki ndani, risasi inayofuata inakuja na kuligonga kwa nyuma. Nikasema imekauka, nikaipaka mafuta. Nikasema ni mpya, itazoea. Mara ya pili nilileta aina tatu za risasi na magazini mbili, vile visanduku vya kupakia risasi, nikaandika kila kitu kwenye jedwali katika simu: aina gani, magazini ipi, imekwama mara ngapi. Nilijiona mwanasayansi.

Wewe uliokota ganda moja chini, ukavaa miwani yako ya kusomea, ukaligeuza kwenye mwanga.

"Mwanangu, tazama ukingo huu. Ni safi, hauna hata mkwaruzo. Kile kijino cha kwenye bolti, hiki chuma kinachokwenda mbele na nyuma, kinachotakiwa kuliuma ganda na kulivuta nje, hakiumi. Ukibadilisha risasi mwaka mzima, kijino ni kilekile."

Ulikuwa umemaliza. Ulihitaji ganda moja na dakika moja. Nami nikageuka, nikahakikisha wazee watatu wa benchi la jirani wananisikia, nikakujibu kwa Kiingereza, polepole, jinsi wanavyoongea na watoto.

"Baba, wewe ulitunza vyuma vya zamani kwenye stoo ya jeshi. Hii imetengenezwa kwa kompyuta. Tafadhali nenda kaketi."

Mmoja wao aliinama kufunga kamba za viatu ambazo zilikuwa zimefungwa. Wewe uliliweka lile ganda juu ya benchi langu, wima, ukaenda kuketi.

Ulikaa dakika arobaini. Nilihesabu kwa raha.

Mara ya tatu nilialika wenzangu wawili wa ofisini, Priya na Mark. Nilishawaeleza kwamba tatizo nimelimaliza, nikawasimulia lile jedwali langu. Ilikuwa Jumamosi ya Oktoba, asubuhi, baridi imeanza kuuma masikio. Risasi sita zilikwenda vizuri. Ya saba ikakwama vibaya: ganda ndani, risasi mpya imejibana nyuma yake, bolti imesimama katikati. Mark akauliza kama hilo ndilo tatizo lililokwisha. Alikuwa anatania tu.

"Iache," ulisema nyuma yangu. "Toa magazini kwanza. Usiilazimishe."

Nikaipiga bolti kwa kiganja. Nikaipiga tena. Ulinyoosha mkono juu ya bega langu kunizuia, na risasi ikalipuka pale pale, bolti ikiwa haijafunga. Mlio haukuwa mkubwa. Kipande cha shaba kilitoka ubavuni na kukukata kidole cha shahada, kwenye kiungo.

Msimamizi wa uwanja, yule mzee Doug, alisimamisha watu wote na kuja mbio. Alikufunga kwa kitambaa, akaitazama bunduki, kisha akatutazama sisi wawili.

"Nani alikuwa ameishika?"

Nimejiuliza mara nyingi kama niliogopa leseni yangu. Hapana. Niliwaona Priya na Mark wamesimama, mdomo wa Mark umebaki wazi, na nikajua Jumatatu ofisini kutakuwa na hadithi. Nikachagua itakuwa hadithi ya nani.

"Baba yangu," nikasema. "Anapenda kulazimisha vitu. Nilimwambia aache."

Wenzangu waliona kila kitu. Wakatazama chini.

Doug akakugeukia. Damu ilikuwa inapita kwenye kitambaa. Ulinitazama mara moja, si kwa hasira, bali kama ulivyolitazama lile ganda kwenye mwanga. Kisha ukasema kwa Kiingereza, "Ndiyo. Mimi. Samahani."

Walikufutia uanachama wiki hiyohiyo. Barua ilikuja kwa posta na ni mimi niliyekusomea, maana Kiingereza chake kilikushinda. Nilikutafsiria neno kwa neno, hata pale waliposema umekuwa hatari kwa wengine. Ningeweza kuliruka hilo. Nilipofika mwisho uliuliza kama mimi nimeruhusiwa kuendelea. Nikasema ndiyo, nimeruhusiwa. "Basi," ukasema.

Kidole kilipona lakini hakikukunjika tena. Uzi wa cherehani ulikushinda. Mama Neema, mmoja wa wale akina mama wa cherehani, alikuja kuchukua mashine yake ikiwa imefunguliwa nusu, akaondoka nayo kwenye mfuko, akilia kwa niaba yako. Wewe ulimshikia mlango.

Bunduki iliendelea kukwama. Mwishoni mwa Novemba Doug alikuja kwenye benchi langu, akasema, "Hebu nione kijino cha bolti yako." Akakitoa, akakitazama kwa kioo cha kukuzia, akaniambia kimetengenezwa kifupi kiwandani, hakifiki kwenye ganda. Nikaagiza kipya. Kilikuwa kidogo kama punje ya mchele. Nilipokifunga nilifyatua risasi mia mbili bila kukwama hata mara moja.

Jioni hiyo nilikuwa na furaha. Tulikuwa tunakula wali na mchicha, wewe ukishika kijiko kwa mkono wa kushoto. Nikakusimulia yote. "Doug aliangalia mara moja tu," nilisema. "Huyo ndiye fundi, baba. Huyo anajua kazi yake."

Ulitafuna, ukameza.

"Vizuri," ukasema. "Sasa ni salama?"

"Ni salama."

"Vizuri sana."

Ukaniomba nikusogezee chumvi. Hata pale, baba, nakuapia, sikukumbuka kwamba ulikuwa umeniambia. Nilikuwa nimekufuta kabisa, kama walivyokufuta wao.

Ulifariki Aprili, moyo, ukiwa umeketi kwenye kiti kando ya dirisha la chumba cha chini, pale panapoonekana matairi ya magari tu. Watu wa jumuiya walijaa nyumbani siku tatu. Kila mtu alikuwa na cherehani ya kusimulia. Nilipokea pole zao zote, nikasema asante, asante.

Sikwenda kuungama kwa sababu ya uchungu. Nilikwenda Juni kwa sababu nilikuwa silali, nikadhani nikisema nitalala. Nilimkuta Doug ofisini kwake akiandika majina. Nikamwambia kwamba siku ile bunduki nilikuwa nimeishika mimi.

"Najua," akasema.

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu palepale. Kile kipande kilitoka ubavuni. Kama angekuwa yeye ndiye mshikaji, kidole chake kingekuwa kwenye kifyatulio, si huko kilikokatwa." Akaweka kalamu chini. "Tulijua sote. Lakini yeye alikubali, na Kiingereza chake kilikuwa kidogo, na wewe ulikuwa umelipa mwaka mzima na unajua kuandika barua kali. Ilikuwa rahisi zaidi."

Alisema hivyo bila aibu, kama mtu anayetaja hali ya hewa. Nilitaka kumtukana. Nilikosa mahali pa kusimama ili nimtukane.

Kisha akaniambia ulirudi. Wiki mbili baada ya barua yao, katika mvua. Ulipanda mabasi mpaka yalipoishia, kisha ukatembea kando ya barabara kuu, mkono ukiwa bado na bandeji. Suruali ilikuwa imelowa hadi magotini. Hukuruhusiwa kuingia kwa sababu hukuwa mwanachama tena, kwa hiyo aliongea nawe getini, yeye akiwa chini ya mwavuli. Alidhani umekuja kuomba wakurudishe. Hukuomba. Ulimpa karatasi.

Nilimwuliza kama bado anayo. Alifungua droo, akatafuta chini ya risiti na funguo, akanipa. Umechora bolti kwa penseli, kwa mkono wa kushoto, mistari inatetemeka, na mshale unaoonyesha kijino. Chini yake umeandika Kiingereza ambacho lazima ulikifanyia mazoezi siku nzima. Naweka hapa kwa lugha yetu:

"Bwana, hii ndiyo sehemu mbovu. Ni hatari kwa mtoto wangu. Tafadhali mwambie wewe. Usimwambie ni mimi. Akijua ni mimi hatairekebisha."

Bunduki nimeiuza. Klabu nimeacha. Usiku silali bado, na sitafuti tena cha kunilaza. Priya na Mark nimewaambia ukweli. Mark alisema, "Tulikuwa tunajua," na tangu hapo hatuli pamoja. Mama Neema nimemwambia. Aliondoa mkono wake juu ya mkono wangu, akaniuliza kama kuna la ziada, nikasema hapana, akaenda zake.

Nakuaga, baba, bila kukuomba msamaha. Najua ungenipa, ungenipa haraka, na mimi ningeuchukua kama nilivyochukua kila kitu kingine.

Mimi binti yako,
ambaye kwa ajili yake ulisema wewe ndiye uliyekuwa umeishika.