Mate kwa Boneti ya Gari Yako

Mulembe Baba,

Hapa Kajiado baridi ya asubuhi inauma hadi masikio, lakini leo mimi ndiye mkubwa sokoni! Unajua vile ndugu yangu Wafula hunicheka kule Kitengela, ati nakamua gari kabla ya chai, kwa sababu kila asubuhi natoa maji yaliyoingia kwa filta ya dizeli vile ulinifunza. Basi leo pikapu yake mpya imezimika njiani, filta imejaa maji, na nyuma amebeba mbuzi za mama mmoja Mmaasai. Nani amewavuta kwa kamba mpaka soko la mifugo? Ile gari yako ya zamani, nikiendesha mimi!

Mama huyo alishuka, akaitemea boneti ya gari yako mate. Nikatoa kitambaa nipanguze, akanishika mkono: "Wacha! Hiyo ni baraka." Najua hupendi gari chafu, Baba, lakini hiyo boneti siioshi mpaka uje uione.

Mungu akuponye hayo magoti, na Mama umwambie namkumbuka kila nikionja chai. Wafula yuko hapa kando yangu, ananiuliza kwa sauti ya chini: "Dada, kwani huwa unakamulia wapi?"

Nekesa wako