Choa cha Miaka Sita

Jumanne, 4 Machi

"Ni choa tu hicho, mama." Hayo ndiyo madai ya muuza dawa wa mtaani kwetu. Nayavunja hivi: choa gani kinakula mirija tisa ya dawa kwa miaka sita, na kinazidi kunenepa? Tena kinajificha kiunoni na makalioni, pasipofika jua!

Daktari wa ngozi — binti, umri wake sawa na ndoa yangu — anashuku limfoma ya ngozi. Saratani. Seli T, askari wa mwili, wameasi na kupiga kambi kwenye ngozi. Ni nadra sana, anasema. Nikamwambia mimi sijawahi kuugua ya watu wote. Atakata kinyama kipelekwe maabara. Sharti moja: mwezi mzima bila malhamu, ile dawa ya kupaka. Malhamu huwatuliza waasi, maabara isiwaone.

Jumamosi, 15 Machi

Nawashwa! Mume wangu kanivisha soksi mikononi, kuzifunika kucha. Anasema hajawahi kuniona bila silaha tangu anioe.

Jumapili, 30 Machi

Kesho nina mdahalo runingani na mchumi mmoja. Yeye aseme maskini ni wavivu, nami nimjibu huku najikuna makalio? Napaka malhamu tangu Alhamisi. Kidogo tu.

Jumatano, 2 Aprili

Mchumi nilimtoa jasho. Leo kinyama kimekatwa, nikashonwa nyuzi tatu. Daktari akauliza kama nilipaka chochote. Nikasema la. Mimi, niliyemng'oa mkurugenzi mmoja kazini kwa sababu ya uongo wake, mdogo kuliko huo.

Jumatano, 16 Aprili

Maabara haikuona saratani. Daktari hakufurahi.

"Ngozi hii inanichanganya, mama. Kama ni ile ya polepole na tumeiwahi, utazeeka nayo. Ikishaingia damuni, ni miaka michache. Sasa sijui ni ipi."

Nikashukuru, nikaaga. Mimi!

Mume wangu, kando yangu, alichosikia ni "haikuona" tu. Sasa yuko sebuleni anawapigia simu ndugu mmoja mmoja. Wifi kapiga vigelegele, nimevisikia hadi huku chumbani.

Nimefika mlangoni mara mbili. Mara zote nimerudi kuandika. Basi naliacha daftari wazi kwenye kiti chako.

Mume wangu, weka simu chini. Usimwalike mtu. Soma ya tarehe 30 Machi, kisha ya tarehe 2. Foka utakavyo — ila ukiwa unavaa viatu. Daktari anafunga saa kumi na moja. Nipeleke nikamwambie.