Mama Pima-Tena: Mwaka Mmoja Bila Wewe

Mwaka umetimia, Mama, tangu asubuhi ile ulipovaa koti, ukakaa kitini kufunga kamba za viatu, usiinuke tena. Tulidhani umechoka tu. Tukakuacha upumzike.

Kwa watu ulikuwa Profesa, mwanafizikia wa nyuklia, mkuu wa utafiti chuo kikuu. Wanafunzi walikuita Mama Pima-Tena. Mtu akikuletea jibu, hukulisifu wala kulikataa. Ulimrudishia karatasi yake. "Pima tena, mwanangu." Hata nyumbani, tukisema mlango tumefunga, ulikwenda kuusukuma.

Ulianzia kwenye stoo ya viti vibovu, na kifaa kimoja cha kupimia mionzi. Haba na haba, ikawa maabara. Baadaye ukakabidhiwa kinu kidogo cha nyuklia cha utafiti.

Siku ya kukiwasha mbele ya wageni wakubwa, kipimo kimoja cha maji ya kupoozea kilitofautiana na vingine. Kidogo tu. Fundi mkuu akakuonyesha, kisha akasema, "Labda ni kipimo chenyewe kibovu, Profesa. Wageni wako getini."

"Wapeni chai," ukamjibu. "Kinu hakiwashwi."

Ulisemwa sana. Mkuu wa chuo alikununia wiki mbili. Bomba la maji hayo lilipofunguliwa, likakutwa na ufa. Hukumwambia mtu "si nilisema". Uliandika barua kwamba aliyeliona tatizo ni fundi. Siku ya kukuzika, yeye ndiye aliyebaki kaburini wa mwisho.

Sisi tunaamka, tunakwenda kazini, tunarudi. Baba bado analala upande wake uleule wa kitanda. Koti lako liko msumarini, hakuna anayeligusa. Watu wanatuambia tutazoea, nasi tunaitikia. Kifungua mimba wako hajalia hata leo. Juzi alimuuliza Baba, "Hivi mimi nina moyo kweli?"

"Unao," Baba akamwambia. "Umekufa ganzi. Hata wangu."

Unakumbukwa na mumeo. Wanao watatu na mkweo. Dada yako, ambaye bado anakupigia simu kwa kusahau. Fundi mkuu na wanafunzi wako wote. Wajukuu zako wawili uliowalea, na wa tatu, binti wa miezi minne, ambaye hukumwona.

Tumempa jina lako. Bado hatujaweza kulitamka. Tunamwita "mtoto".

Tutakukumbuka, Mama, siku zote.