Hitilafu ya Siku za Giza

Kirumba, Mwanza
Ijumaa

Kaka Alexander,

Shikamoo. Bwana Luhaga, msimamizi wa ghala, ametueleza leo asubuhi kwamba Bernadeta atafukuzwa kazi Jumatatu, asipopatikana mtu wa kuthibitisha kuwa kosa si lake. Nimeona ulijue hilo kabla ya salamu nyingine. Mimi ni mzima. Mama naye hajambo, maumivu ya mguu yamepungua. Natumaini wewe, wifi na watoto mko salama huko Dar es Salaam. Nakuandikia barua pepe kwa sababu kwenye simu wewe hunikatiza.

Madai yenyewe unayajua. Mastura, mmoja wa wanunuzi, alinunua magunia ya dagaa kupitia huduma yetu ya simu, na simu ikamwonyesha jina lake. Alipofika ghalani Mwaloni, magunia yaleyale yalikuwa na jina la Yassin, mnunuzi mwingine, na Bernadeta, karani wa mlangoni, alikwisha kumkabidhi. Ikatokea tena kwa wengine. Mastura alisimama pale mlangoni akasema kila mtu asikie, "Simu inasema mzigo wangu, mlango unasema wa Yassin. Sasa niolewe na Yassin ndipo nipate mzigo wangu?" Watu walicheka. Bernadeta hakucheka, maana walikwisha kuanza kumwita mwizi. Tangu asimamishwe kazi, hata kanisani hamsalimii Mama. Hupitia mlango wa pembeni.

Wewe, ukiwa mkuu wetu wa ufundi, ulimwandikia Luhaga kwamba mashine haina shida, karani ndiye aliyebadilisha majina. Mimi ukaniagiza nitafute hitilafu kimyakimya.

Nimeitafuta. Chumba chetu kiko juu ya ghala, dirisha linatazama ukuta, na siwezi kutoka: kumbukumbu ya seva ikijaa, huduma inazimika, na wa kuiwasha ni mimi peke yangu. Nikiiwasha, dalili zote za kosa zimefutika. Nikiongeza amri za kurekodi kila hatua, programu inapunguza mwendo na kosa halitokei. Nikiziondoa, linarudi. Halafu ikaingia mbalamwezi, taa za wavuvi zikawa hazivuti dagaa, wakapumzika, wanunuzi wakapungua, na kosa likatoweka kabisa. Luhaga akaniambia, "Unaona? Bernadeta hayupo, na mambo ni shwari."

Ndipo nikaandika programu ndogo inayojifanya umati wa wanunuzi wa siku za giza, dagaa wakiwa tele na kila mtu anabonyeza kwa wakati mmoja. Majina yakahama mbele ya macho yangu. Huduma yetu humpa kila mteja uzi wake wa kazi ndani ya programu. Nyuzi mbili zilikuwa zinaandika jina katika sehemu moja ya kumbukumbu, wa pili ukifuta la wa kwanza kabla kazi haijaisha. Nimeupa kila uzi sehemu yake. Hakuna jina linalohama, na kumbukumbu haijai. Marekebisho yako tayari, lakini ruhusa ya kuyaweka ni yako peke yako, na giza linaanza Alhamisi.

Kaka, mistari hiyo ya programu ni yako. Naijua kwa sababu uliiandika nikiwa nimekaa pembeni yako, unanifundisha kazi hii, na ulifurahi jinsi ilivyofaulu majaribio. Tuliipima wakati wa mbalamwezi. Wavuvi walikuwa wanashona nyavu. Hapakuwa na cha kununua. Wote wawili tumezaliwa Kirumba, na hatukukumbuka kutazama mwezi.

Kazi hii nimeipata kwako, na nyumba ninayolala ni yako. Nimelipima hilo pia. Bernadeta hana kaka Dar es Salaam.

Mama anakusalimu sana, anauliza lini utakuja. Nisalimie wifi na watoto.

Kikao cha Bernadeta ni Jumatatu, saa tatu asubuhi. Nitaeleza nilichokiona, na nikiulizwa ni nani aliyeandika, nitajibu. Simu yangu itakuwa mezani. Ukipiga kabla sijasimama, nitakupisha useme mwenyewe.

Mdogo wako,
Winnie