Mzee wa Mwisho Katika Picha

Suna, Jumanne jioni

Picha ya wazee waliobeba mizigo katika vita vya Mjerumani nimeificha chini ya godoro tangu nikiwa mwalimu kijana, na leo msichana kutoka Macalder amekuja kuiulizia.

Nani kamwambia ninayo? Alisema anakusanya picha za zamani. Simwamini. Mkusanya picha haulizi mpaka wa shamba unapita wapi.

Nilimwonyesha kwa mbali. Akasogea, akaweka kidole juu ya mzee wa mwisho, mwenye masikio yaliyochomoza.

"Jaduong', huyu ni nani?"

"Simjui."

Akacheka. "Humjui, na masikio ni yako?"

Masikio ya msichana mwenyewe ni hayo hayo. Ndiyo maana nilimwambia nimechoka, aende. Ila moyo wangu huu hautanibeba mpaka mvua zijazo, na sitaki kufa na siri hii.

Babu hakurudi kutoka vitani. Mwili haukuonekana, kwa hiyo nyumbani walizika tunda la yago mahali pake, kama desturi yetu ilivyo. Ndugu yake akamrithi nyanya, na shamba la babu likaja kuwa langu. Aliyekwisha kuzikwa harudi kudai kitu.

Lakini siku ya kupigwa picha ile, mimi ndiye niliyewapanga wazee. Yule wa mwisho alitaja jina la babu, kijiji chetu, na jina la nyanya. Akaniuliza, "Mwalimu, kwangu bado kuna mtu?"

Nilijua ni yeye. Nikamwambia wote walikufa.