Mikono ya Bertilla

Jumatatu, 5 Machi 1979
Mvua tangu alfajiri. Duka la ushirika halina sukari – chai ya chumvi tena. Viziwi wangu tisa wote wamefika. Bertilla kanisalimu kama kwao Ufipa: kachuchumaa, kapiga makofi polepole. Hajawahi kusikia hata kofi moja, ila hakosi! Nikamwonyesha sheria ya ukutani, mwandiko wangu: MIKONO KIMYA, MDOMO USEME. Ndivyo tulivyofundishwa chuoni.

Jumatano, 7 Machi
Bertilla kakutana na Mama Klementina, mlezi wa bweni. Kachuchumaa, mikono nyuma. Makofi hakuna. Mama kaja juu: mtoto hana adabu, achapwe. Nikasema nitashughulikia. Sikushughulikia. Nilikuwa na madaftari ya kusahihisha.

Alhamisi, 8 Machi
Shamba la shule, kupalilia. Wote wamekunja mikono ya sweta, Bertilla hataki. Nimemkunjia mwenyewe. Alama za kamba, mbichi, mikono yote miwili. Nikamwuliza kwa mdomo, taratibu: na-ni? Ikatoka pumzi tu. Mikono ikaanza kuinuka – akaishusha mwenyewe. Nani kamfundisha kuishusha? Mimi. Nimeona aibu.

Ijumaa, 9 Machi
Nimemwendea Mama Klementina. Shikamoo, marahaba, vizuri tu. Hakukana! Anamfunga kila jioni baada ya chakula, maana bwenini anachezesha mikono na wenzake. Si wewe, mwalimu, uliyesema mikono ikae kimya? Yeye ananisaidia tu.
Nimeondoka na kamba. Ya katani. Hakosi nyingine.

Jumatatu, 12 Machi
Nimeripoti kwa Mwalimu Mkuu, Ndugu Mbonile. Nimeeleza yote. Sheria ya ukutani sikuitaja.
Mama Klementina kaitwa, leo kakana: mtoto kajikwaruza shambani. Mbonile kasema basi mtoto mwenyewe aeleze, hata kwa ishara. Asipoeleza, arudi bwenini, jambo limekwisha. Katupa muda mpaka kengele ya saa nne.
Nikainua mikono yangu mbele ya watu, mara ya kwanza: nani kakufunga? Sema.
Bertilla kanitazama. Kachuchumaa kwa adabu zote. Mikono nyuma.
Kwangu mimi!
Tuko benchi la nje, wawili tu. Nimechuchumaa mbele yake, nimempigia makofi mimi. Mikono hajaitoa. Saa nne kasoro dakika saba.